Timu ya Mafiga na Nafasi Moja

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, watu walipokuwa wameshaanza kubeba ulimwengu mzima mfukoni, palikuwa na mwalimu wa hesabu huko Tukuyu, jina lake Subilaga Mwakalinga. Tegeni masikio vizuri, maana mwishoni nitawauliza jambo, na aliyesinzia asije akajibu kwa kubahatisha.

Subilaga alikuwa mtu wa wasiwasi. Akifunga mlango, hurudi kuusukuma mara mbili. Akijumlisha alama za mwanafunzi, huzijumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Mumewe, aliyefanya kazi Mbeya na kurudi mwisho wa mwezi, alikuwa akisema, "Mke wangu hata furaha huihesabu kwanza ndipo aipokee."

Sasa, shule aliyofundisha ilikuwa na mchezo ambao shule za jirani hazikuwa nao. Miaka ya nyuma alikuja mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, Mwalimu Ogata, akawafundisha besiboli. Mrushaji anarusha mpira mdogo, mgumu. Mpigaji ameshika gongo anajaribu kuupiga. Akiukosa mara tatu, anatoka. Akiupiga ukaenda mbali, anakimbia vituo vinne mpaka arudi alipoanzia. Hiyo ndiyo besiboli, mengine ni viungo vya mchuzi. Mwalimu Ogata alikaa miaka miwili, akajua kula ndizi za kupika, akajua kusema "ndaga" mahali pa asante, kisha akarudi kwao. Aliacha glavu kumi na nne, magongo matano, na ugonjwa mmoja.

Ugonjwa wenyewe uliitwa fantasi. Kule Marekani kuna ligi kubwa ya besiboli, ya wachezaji wa kulipwa. Wewe uliye Tukuyu unaunda timu yako kwenye simu: mrushaji unamtoa timu hii, mpigaji timu ile, ilimradi hakuna mwenzako aliyekuwahi kumchukua. Wakicheza vizuri kule, unapata pointi huku. Wakiboronga, pointi zinakatwa. Mchezaji mwenyewe hakujui, hajui hata kama Tukuyu ipo duniani, lakini akijikwaa yeye, unachubuka wewe.

Timu zilikuwa nane. Saba zilikuwa za mtu mmoja mmoja. Moja tu ilikuwa ya watu watatu, na huyo Subilaga alikuwamo.

Wa pili alikuwa Ipyana, fundi wa simu na redio pale sokoni, kijana wa miaka ishirini na saba. Alisoma shule hiyo hiyo, na enzi zake alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira. Ndoto yake ilikuwa moja: awe kocha. Mbali kabisa alikowahi kufika ni Mbeya mjini.

Wa tatu alikuwa Sekela, mpishi wa shule, mwenye miaka arobaini na sita, ambaye watu wote walimwita Mama Lugano. Besiboli aliijulia dirishani mwa jiko, akikoroga maharage huku akitazama uwanjani. Jioni akishasugua masufuria, alitoka na kanga yake kiunoni kuwarushia wasichana mipira. Msichana yeyote wa shule ile aliyejua kurusha, alirushiwa kwanza na Sekela. Lakini hakuna hata mmoja aliyemwita mwalimu.

Sekela ndiye aliyeipa timu jina. "Figa moja haliinjiki chungu," alisema. "Tujiite Mafiga." Wakajiita Mafiga.

Walianza kwa kufurahisha nafsi tu. Ndipo mwezi wa tatu wa mwaka ule ukaja ujumbe wa Mwalimu Ogata kwa timu zote nane. Chama cha besiboli cha mji wake kingempokea mtu mmoja kutoka ligi yao, yule atakayeibuka mshindi. Wiki sita Japani kusomea ukocha, kila kitu juu yao, na akirudi awafundishe watoto wa wilaya nzima. Mwalimu Ogata aliandika Kiswahili chake kilichonyooka kama rula: "Nafasi ni moja. Tafadhali muelewe, ni moja."

Watu watatu wa Mafiga waliusoma ujumbe huo pamoja, wakafurahi pamoja. Hakuna aliyeuliza, "Na sisi tukishinda?" Nani hugawa mapaja ya mnyama ambaye bado yuko porini?

Subilaga peke yake ndiye aliyelifikiria swali hilo. Alilifikiria usiku ule, akalifikiria na kesho yake, na hakulisema.

Siku ya kuchagua wachezaji walikutana wote katika chumba cha walimu. Zamu ya Mafiga ilipofika, Ipyana alitaja jina la mrushaji aitwaye Barrantes. Chumba kizima kilicheka. Barrantes alikuwa na miaka thelathini na tisa, amefanyiwa upasuaji wa kiwiko, na timu mbili zilikuwa zimeshamwacha.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Asegelile, mwalimu wa michezo, mwenye timu iliyoitwa Radi. "Mnamchukua babu! Mtampikia uji wa ulezi?"

Subilaga alimvuta Ipyana shati. "Mdogo wangu, takwimu zake ni mbaya. Miaka mitatu mfululizo zinashuka."

"Dada Subi, wewe unatazama takwimu. Mimi ninamtazama mdakaji wake," Ipyana alijibu. "Mdakaji akiweka glavu mahali, haisogezi. Mpira unaikuta pale pale. Mrushaji ambaye mdakaji wake hasogezi glavu, huyo mpira unamtii. Nguvu zitaisha, utii hauishi."

Sekela alisema, "Mimi namwamini Ipyana." Wakawa wawili kwa mmoja, na hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Mafiga tangu mwanzo: wawili wakikubaliana, neno limepita, na wa tatu ananyamaza. Barrantes akaandikwa.

Ligi ikaanza, na Barrantes akawazima waliocheka. Wapigaji vijana walizungusha magongo kama wanafukuza nzi.

Lakini timu si mtu mmoja. Mechi za Marekani huchezwa Tukuyu ikiwa imelala, na kila siku kuna aliyeumia, aliyepumzishwa, aliyeuzwa. Orodha lazima ipangwe upya. Kazi hiyo aliishika Subilaga. Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla hajawasha jiko, aliketi kitandani na simu na daftari. Nani ameumia? Nani atacheza? Nani yuko huru tumchukue? Matokeo yakiwa mabaya, chai ilipoa kikombeni. Yakiwa mazuri, aliogopa ya kesho.

Mwezi wa sita Ipyana alikwenda Kyela. Wakulima walikuwa wamevuna mpunga, kila mtu anataka redio, na fundi hafuati maneno, hufuata kazi. Alisema anakwenda wiki mbili. Alikaa miezi miwili, na simu yake muda mwingi ilikuwa haipatikani. Katika miezi hiyo wapigaji watatu wa Mafiga waliumia, mmoja baada ya mwingine, na timu ikaporomoka hadi nafasi ya sita. Subilaga aliwatafuta wa kuziba mapengo. Alipekua majina ya watu wasiojulikana hata na majirani zao, akachukua huyu, akamwacha yule, akachukua tena. Wiki kwa wiki, pointi kwa pointi, Mafiga wakapanda: wa tano, wa nne, wa pili. Ipyana aliporudi alimkuta Subilaga amekonda.

"Umeumwa, dada?"

"Nimepanga timu," Subilaga alijibu.

Mwisho wa mwezi wa tisa ikafika fainali. Ilikuwa ya wiki moja, Mafiga dhidi ya Radi ya Mwalimu Asegelile, na ingefungwa kwa mechi za Jumapili. Na kama mjuavyo, mambo yakitaka kuharibika hayaji kwa foleni.

Alhamisi, Ipyana alianguka kutoka juu ya paa la mtu akifunga dishi. Mguu ukafungwa plasta mpaka gotini. Jumamosi, Bupe, binti wa Subilaga wa miaka minne, alipandwa na homa ya malaria. Akalazwa, akatundikiwa dripu. Jumapili asubuhi homa ilianza kushuka na daktari akasema atapona, lakini Subilaga hakuondoka kando ya kitanda. Mkono mmoja ulishika mkono wa mwanawe. Mkono wa pili, Mungu amsamehe, ulishika simu.

Mafiga walikuwa nyuma kwa pointi kumi na saba. Siku iliyobaki ilikuwa moja, na siku hiyo Barrantes alipangwa kurusha.

Saa saba mchana Sekela na Ipyana walifika kumwona mgonjwa, Sekela na chupa ya uji, Ipyana na magongo yake ya kutembelea. Walipokwisha kumjulia hali mtoto, Subilaga aliwatoa nje barazani, akawaonyesha habari aliyokuwa akiisoma na kuirudia tangu asubuhi. Barrantes anaumwa bega. Hajatolewa kikosini, ila mwandishi mmoja amemwona akilishika.

"Tumtoe," alisema Subilaga. "Kuna kijana Pruett anarusha leo hii hii, na anakutana na timu dhaifu. Bega bovu litatukata pointi ishirini. Nimepiga hesabu mara nne."

"Tusimtoe," alisema Ipyana. "Mzee yule anajua mwili wake. Bega lingekuwa bovu, asingekubali kupanda uwanjani."

"Wewe ulikuwa Kyela. Mimi ndiye niliyeishi na timu hii."

"Na mzee huyu ni nani aliyekuchagulia?"

Wakamgeukia Sekela. Wawili wakikubaliana, neno limepita. Sekela aliutazama uso wa Subilaga uliokuwa haujalala tangu jana, akamwonea huruma.

"Mwalimu ndiye mwenye hesabu," alisema. "Atoke."

Ipyana aliinamisha kichwa, akanyamaza. Sheria ni sheria.

Subilaga alipofungua mchezo abadilishe, radi ilipiga juu ya mlima Rungwe, mvua ikashuka kama imemwagwa, na mtandao ukakata. Kiduara kikazunguka kwenye kioo, kikazunguka. Wakasubiri. Ikafika saa nane. Ikafika saa tisa. Orodha zilikuwa zinafungwa saa kumi na mbili jioni, na ndani ya orodha bado alikuwamo Barrantes. Subilaga alianza kutembea huku na huku barazani, akigusa ukuta huu, akigusa ukuta ule.

"Wanasema kilimani kwenye chai mtandao upo," alisema muuguzi aliyekuwa akipita. "Kule wanapata mnara mwingine."

Kilima kile ni mwendo wa saa mbili, tope tupu siku ya mvua. Waendesha bodaboda wawili walikataa. Subilaga alimtazama mwanawe kupitia dirishani. Ipyana aliutazama mguu wake. Sekela akavua viatu, akajifunga kanga ya pili.

"Nionyeshe pa kubonyeza," alisema.

Subilaga alimwonyesha mara tatu. "Hapa kwenye jina la Barrantes. Halafu hapa, badilisha. Halafu Pruett. Halafu hifadhi. Basi. Mama Lugano, nisomee." Sekela akamsomea. Akaifunga simu ndani ya mfuko wa nailoni, akaitia kifuani, akatoka.

Alipanda. Aliteleza, akainuka. Aliteleza tena, akainuka. Mstari wa kwanza wa chai, wa kumi, wa hamsini. Alipofika juu ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo na kanga zimemganda mwilini. Simu ikalia mfululizo, ujumbe wote uliokwama ukiingia. Mtandao ulikuwapo.

Alifungua mchezo, akalitafuta jina la Barrantes. Chini ya jina palikuwa na video fupi, ya mazoezi ya siku iliyotangulia. Kidole chake, chenye baridi na tope, kiliigusa kwa makosa. Mzee yule akaonekana akirusha, polepole, mara mbili. Kisha akaweka mkono begani na kulikanda.

Sekela akaitazama tena. Akaitazama mara ya tatu. Mama yule alikuwa amebeba masufuria ya maji kwa miaka ishirini na miwili. Alijua bega linalouma, maana alikuwa nalo. Bega linalouma mwenyewe halishiki juu. Hulishika kwa chini, karibu na kwapa, na kiwiko hukibana mbavuni bila kutaka. Mzee huyu alikanda juu, na kiwiko kilining'inia huru kama cha mtoto anayecheza. Huyu alikuwa amechoka tu.

Alijaribu kumpigia Ipyana. Haikuita, mjini mtandao ulikuwa bado umekata. Akapiga tena. Hakuna. Zilibaki dakika tisa. Kidole kilisimama juu ya neno badilisha. Alimfikiria Subilaga na hesabu zake nne. Alimfikiria mtoto kitandani. Alifikiria kwamba yeye ni mpishi, na kwamba akikosea, ataambiwa ni mpishi. Zikabaki dakika nne. Ikabaki moja. Orodha ikajifunga yenyewe.

Sekela hakuwa amebonyeza.

Alirudi giza limeshaingia. Subilaga alimdaka mlangoni. "Mama Lugano, imekubali?"

"Nilifika, mwalimu. Mtandao upo. Kazi imekwisha."

"Ndaga, mama. Ndaga fijo." Na Subilaga akambusu mkono. Sekela alisema baadaye kwamba busu lile lilimuuma kuliko kile kilima.

Asubuhi, saa kumi na moja na nusu, mtandao ulikuwa umerudi. Subilaga alifungua matokeo, na jambo la kwanza alilotafuta ni jina la Pruett. Kijana alikuwa amechapwa. Alitolewa mapema, na pointi zake zilikuwa kumi na moja za kukatwa. Subilaga aliweka simu kwenye shuka, akalia bila sauti asimwamshe mtoto. Miezi sita. Kosa lake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhakikisha kila kitu mara mbili, aliichukua tena aone wameshindwa kwa ngapi. Akasoma. Akasugua macho, akasoma tena. Barrantes alikuwa kwenye orodha. Alirusha karibu mechi nzima, akawatoa wapigaji tisa kwa kukosa mara tatu, akaleta pointi thelathini na moja. Radi walikuwa wameongeza kumi na mbili. Mafiga walikuwa mabingwa kwa pointi mbili.

Furaha ilimjia, akaihesabu, akakuta kuna kitu kimepungua. Mama Lugano alikuwa amemwambia kazi imekwisha.

Mchana Mwalimu Ogata aliandika. Aliwapongeza Mafiga. Alitaka jina moja kabla ya Jumatano saa sita mchana, saa za Tukuyu, kwa sababu fomu zinafungwa. Jina lisipofika, nafasi itakwenda kwa mshindi wa pili, Mwalimu Asegelile wa Radi.

Jumatatu hawakuzungumza. Jumanne hawakuzungumza. Walisalimiana kwa adabu nyingi mno, adabu ya watu wanaokwepana. Bupe alitoka wodini akicheka, na hata hilo halikumtuliza mama yake. Mwalimu Asegelile akawa na kazi ya kupita mlangoni kwa Subilaga na kuuliza, "Mmeshaelewana?"

Jumatano saa tano na nusu wakakutana jikoni shuleni, maana Sekela hakuweza kuacha chungu. Ipyana alikaa juu ya gunia la mahindi, mguu umenyooshwa. Subilaga alisimama na simu.

Ipyana akaanza. "Dada Subi, mama, nawaheshimu. Lakini nani alimleta Barrantes? Chumba kizima kilicheka, wewe ukanivuta shati. Na Jumapili nani alisema abaki? Mimi, mara mbili. Orodha iliyoshinda ni orodha niliyoitaka mimi, haijaguswa. Na mimi ndiye ninayetaka ukocha tangu nikiwa na miaka kumi na minne."

"Miezi miwili ulikuwa wapi?" Subilaga alimwuliza. "Barrantes alirusha siku moja kati ya tano. Siku nne zilizobaki nani alikuleteeni pointi? Tulikuwa wa sita! Bila mimi fainali ungeisikia redioni, hizo hizo unazozitengeneza. Siku mia na themanini, Ipyana, sijalala alfajiri hata moja. Nilipoolewa niliacha kwenda kusoma, nikasema zamu yangu itakuja. Zamu yangu ni lini?"

"Ni kweli, dada. Lakini siku ya mwisho, hesabu zako zingetuua."

Sekela alifunika chungu, akafuta mikono.

"Mimi ndiye niliyepanda," alisema. "Mmoja wenu alikuwa na mguu, mmoja alikuwa na mtoto, siwalaumu. Nilifika juu na uwezo ulikuwa mikononi mwangu. Nikaliona bega la yule mzee, nikajua."

Ipyana akacheka kidogo, kicheko kisicho na ubaya. "Mama, samahani. Lakini ulifanya nini? Barrantes alikuwa ndani tayari. Ungebaki nyumbani kwako unakunywa chai, tungeshinda vile vile, kwa pointi zile zile mbili. Ulipanda kilima kwenda kutofanya kitu."

"Ningebaki nyumbani, mwalimu angemtuma mwingine," Sekela akasema. "Na mwingine angebonyeza. Nani kati ya watu wote wa Tukuyu angefika juu kwa tabu ile, aambiwe bonyeza, asibonyeze? Kutobonyeza kulinitoa jasho kuliko kupanda, Ipyana, na mvua inanyesha."

"Ulivunja neno letu," alisema Subilaga kwa sauti ndogo. "Ulipiga kura mwenyewe. Wawili wakikubaliana, limepita. Halafu ukanitazama usoni, ukaniambia kazi imekwisha."

"Ndiyo. Nilikudanganya." Macho ya Sekela yalijaa, na haukuwa moshi. "Ulikuwa na mgonjwa. Nilisema nikubebee wasiwasi wa usiku mmoja, mimi peke yangu. Kama angeshindwa yule mzee, ningekuja kupiga magoti. Ila sasa na mimi nisikilizeni. Miaka mitano nawafundisha wasichana wa shule hii kurusha, na naitwa mpishi. Nikirudi kutoka Japani na karatasi, wataniita nani?"

Maharage yaliendelea kuchemka. Saa sita kasoro dakika tisa. Nje, Mwalimu Asegelile alikohoa.

"Tupige kura," alisema Ipyana. Wakapiga, na kila mmoja alijitaja mwenyewe. Wakapiga tena, wakaona haya, na mara hii kila mmoja alimtaja mwingine: Ipyana alimtaja Subilaga, Subilaga alimtaja Sekela, Sekela alimtaja Ipyana. Ikawa mmoja, mmoja, mmoja. Saa sita kasoro dakika nne.

"Andika wewe, mwalimu," alisema Sekela. "Simu ni yako."

"Andika, dada," alisema Ipyana. "Utakaloandika, tumelikubali. Tukikosa sote akaenda Asegelile, hatutasameheana maisha."

Subilaga aliishika simu kwa mikono miwili. Akijiandika, atakuwa mwamuzi aliyejipa kombe. Akimwandika Ipyana, anamtuza aliyeona mbali na kukimbia kazi. Akimwandika Sekela, anamtuza aliyewaokoa kwa kuvunja neno na kusema uongo, au aliyepanda kilima kwenda kutofanya kitu, maana mpaka dakika ile hakuwa ameamua ni lipi kati ya hayo. Alianza herufi ya kwanza, akaifuta. Akaanza nyingine, akaifuta. Saa sita kasoro dakika moja akaandika jina, jina moja, akalituma kabla hajalisoma mara ya pili. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutohakikisha jambo.

Akawaonyesha wenzake. Wote watatu walilia, na mwezi wa pili wa mwaka uliofuata mmoja wao alipanda ndege.

Jina hilo nalijua, na leo silisemi, kwa sababu Tukuyu yenyewe haijamaliza kubishana. Sokoni wanasema hivi, shuleni wanasema vile, na mume na mke wamewahi kunyimana maneno kwa sababu yake.

Basi mimi nimefika ukomo wa yangu, zamu ni yenu. Yuko aliyemchagua mzee na kumtetea, kisha akatoweka miezi miwili. Yuko aliyeibeba timu alfajiri zote, kisha akakosea siku ya mwisho. Yuko aliyepanda kilima akavunja neno, akasema uongo, na kidole chake kikatulia. Zimebaki dakika nne, wote watatu wanakutazama. Je, nani alistahili? Wewe ungeandika jina la nani?